Mitungi

Ambindwile wa bandari ya Itungi,
anayezama kukata nyavu zilizojisokota kwenye rafadha za meli,
amenifunga mtungi mgongoni.
"Usiogope, mtungi huu una saa nzima ndani yake."
Mama, juu ya jiwe, anacheka.
Kwake mtungi ni udongo wa Ikombe, ni moto wa majani,
ni ukucha unaogonga ubavu na sikio linalosubiri jibu.

Nazama.

Nilidhani milima ya Livingstone inaishia ufukweni.
Kumbe inavua viatu tu,
inaendelea kushuka, jiwe juu ya jiwe,
mpaka pale ziwa linapoacha kuwa la kijani.

Wenzetu wa Mafia wana matumbawe. Sisi tuna mawe.
Lakini mawe haya yamevaa utelezi mnene,
na mbuna wanaukwangua, kichwa chini, mkia juu,
kama wanawake wanaopalilia mpunga Kyela.
Bluu ya wino wa shule.
Njano ya ndizi iliyosahauliwa darini.
Mmoja ana milia, sare ya timu nisiyoijua,
anamfukuza kila mtu kwenye jiwe lake lisilozidi sinia.
Ananifukuza na mimi.

Mita tisa. Masikio yanaziba
kama gari linaposhuka kutoka Tukuyu,
nameza mate, yanazibuka.
Juu yangu usipa wanapita,
mtu amemwaga sindano.

Mchangani samaki amelala ubavu,
madoa ya kuoza mwili mzima. Nikampa pole moyoni.
Kisamaki kikasogea kumwonja.
Maiti ikafungua kinywa, ikala, ikalala tena.

Mbele kidogo, dume anachota mchanga kwa mdomo,
anatema, anachota, anazunguka ukingo wa bakuli
lililo pana kuliko ungo.
Hana mikono. Hana gunzi la kulainishia.
Nikatazama mpaka Ambindwile akanivuta pezi:
hewa hailipiwi kwa kushangaa.

Halafu nikaiona.

Nilikuwa darasa la saba. Jumamosi, soko la Lyulilo likingoja,
mtumbwi ukapinduka hapa hapa.
Mitungi thelathini na mmoja.
Hakuna aliyekufa; watu wakasema mshukuruni Mungu,
mama akashukuru,
kisha akakaa siku mbili bila neno.
Ada yangu ilikuwa humo, mtungi kwa mtungi.

Nimehesabu tisa. Mingine ni vigae, konokono wamevipanda.
Mmoja umesimama wima kati ya mawe mawili,
kama mtu ameutua tu, anarudi sasa hivi.
Shingoni mstari, nukta tatu, mstari.
Mkono wake. Ningeujua hata gizani.

Nikanyoosha wangu.

Mlangoni mwa mtungi watoto walikuwa wanacheza,
wadogo kama mbegu za mchicha zilizopata macho.
Mama yao aliponiona hakukimbia.
Alifungua mdomo,
wakaingia wote, moshi unaorudi jikoni.
Akaufunga. Mashavu yamemjaa.
Ambindwile alishaniambia: hao hufunga wiki tatu,
hawali, wasije wakameza mtoto.
Akabaki ananitazama, juu ya alama ya mama yangu,
bila njia ya kunitukana, kinywa kimejaa.

Nikarudisha mkono. Sindano ya hewa ilikuwa imegusa nyekundu.

Ufukweni maji yananidondoka, mama hasubiri nivue miwani.
"Umeiona?"
"Tisa."
"Kuna mzima?"
"Mmoja. Hauna hata ufa."
Akapiga hesabu kwa bei ya mwaka huu, midomo ikichezacheza,
akanitazama mikono.
"Uko wapi?"
"Una watu, mama."

Alinyamaza. Mawimbi mawili, matatu.
Kisha akazunguka nyuma yangu,
akagonga chuma kwa ukucha,
akainamisha sikio.

"Huu," akasema, "haukuiva."